Mwili na akili kati ya miaka 40 na 60: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mtu wa makamo anayetaka kujua kwa nini siku hizi wapima ubongo wanamwambia mtu ainuke kitini au asimame kwa mguu mmoja. Maswali yamepewa namba. Ukielekezwa swali jingine, huko ndiko yaliko maelezo kamili.

## Mambo ya msingi

1. Akili na nguvu za mwili vinahusiana vipi?

Kwa wastani, watu wanaofanya vizuri kwenye vipimo vya kumbukumbu, kasi ya kufikiri na kutatua jambo jipya ndio pia wanaoinuka kitini upesi, wanaosimama kwa mguu mmoja muda mrefu na wanaotembea kwa kasi wakifika miaka ya 40 na 50. Uhusiano wenyewe si mkubwa, ila umejirudia katika nchi mbalimbali.

Neno la kushika hapo ni "kwa wastani". Utamkuta mwenye shahada anayehema akipanda ngazi za ghorofa moja, na utamkuta mvuvi wa Mikindani asiyejua kusoma anayevuta jarife usiku kucha. Wote wawili hawaivunji hoja, kwa sababu hoja haimtabirii mtu mmoja mmoja.

2. Mkisema uwezo wa mwili, mnamaanisha kubeba magunia?

Hapana. Vinapimwa vitu vinne: nguvu ya mshiko wa mkono, nguvu ya miguu, mizani ya mwili na kasi ya kutembea. Mtu anaweza kubeba gunia la korosho begani akashindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Mzigo hubebwa na misuli. Mizani inataka macho, sikio la ndani, nyayo na ubongo vipeane taarifa kila nukta.

3. Mbona miaka 40 hadi 60? Hao bado si wazee.

Ndiyo sababu. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 hadi 40, na nguvu hupotea haraka kuliko ukubwa wa msuli, hivyo mkono unaweza kuonekana ule ule huku mshiko umeshapungua. Upande wa akili, kasi ya kufikiri huanza kushuka mapema, wakati msamiati na maarifa vinaendelea kukua hadi uzeeni. Mtu wa miaka 50 hufidia kasi kwa uzoefu, kwa hiyo kazini haonekani kupungukiwa na kitu.

Isitoshe, magonjwa yanayoharibu mishipa midogo ya ubongo hujijenga kimyakimya katika umri huu. Ukisubiri miaka 70 utakuwa unapima madhara yaliyokwisha kutokea.

4. Nimeishia darasa la saba. Ina maana nimeshapoteza?

La. Elimu ya shule huathiri alama za vipimo vya akili kwa njia mbili, na moja haihusu ubongo kabisa: aliyezoea kalamu na mtihani hufanya vizuri zaidi kwenye vipimo vilivyotungwa kwa kalamu na mtihani. Fundi wa kuchonga mpingo anayeona umbo ndani ya gogo kabla hajashika tezo ana uwezo wa nafasi na mpangilio ambao karatasi ya maswali haiuoni.

Njia ya pili ni ya kweli: miaka ya shule, lishe ya utotoni na hali ya nyumbani hujenga akiba ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kuendelea na shughuli zake hata sehemu fulani zikianza kuchakaa. Akiba hiyo huongezwa ukubwani pia, kwa kujifunza kazi mpya, lugha mpya au kwa kuongoza watu. Mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) aliyejifunza kutunza vitabu akiwa na miaka 45 ameiongeza.

## Tafiti zinasema nini

5. Nani amelipima jambo hili, na alipima nini?

Uingereza ilianza kufuatilia watoto zaidi ya 5,000 waliozaliwa wiki moja ya Machi 1946. Akili zao zilipimwa wakiwa shule. Walipofika miaka 53 wauguzi waliwatembelea nyumbani wakawapima mshiko, kuinuka kitini mara 10 mfululizo, na kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Waliopata alama nzuri utotoni walisimama muda mrefu zaidi na waliinuka haraka zaidi. Kwenye mshiko tofauti ilikuwa ndogo.

Denmark ilitumia mtihani wa akili ambao vijana wa kiume hufanyishwa wakiitwa jeshini. Wanaume wale wale walipopimwa wakiwa wa makamo, kila alama 10 za ziada za ujanani ziliendana na kuinuka kitini takriban mara 1 zaidi ndani ya sekunde 30, na mshiko mkubwa kwa chini ya kilo 1. Ni tofauti ndogo, na ni vizuri kuiona ilivyo ndogo.

Utafiti wa Dunedin, New Zealand, ulifuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Walipofika miaka 45 wakapimwa kasi ya kutembea. Moja ya tano ya watu, wale wanaotembea polepole zaidi, ilipitwa na moja ya tano ya wenye kasi zaidi kwa wastani wa alama 16 za akili. Tena dalili zilikuwepo tangu wakiwa na miaka 3.

6. Kwa nini mizani na kuinuka vinaonyesha zaidi kuliko mshiko?

Kukaza kiganja ni amri moja kwa kundi moja la misuli ya mkono. Kuinuka kitini haraka mara tano kunataka kupanga: kuinamisha kiwiliwili, kuhamisha uzito kutoka makalio hadi nyayo, kuzuia usianguke mbele, kisha kurudi chini bila kujibwaga. Kufumba macho ukiwa kwenye mguu mmoja ni kazi ya ubongo mdogo wa nyuma ya kichwa na njia zake. Kadiri jambo linavyohitaji kuratibiwa, ndivyo linavyofichua hali ya mratibu.

7. Sasa kipi kinasababisha kipi?

Njia ziko nne na zinafanya kazi pamoja. Kwanza, ubongo na misuli hujengwa na malighafi zile zile utotoni: chakula, kutougua sana, kutopata utapiamlo. Pili, mwenye alama kubwa za akili mara nyingi hupata shule, kazi isiyochakaza mwili na tiba ya mapema. Tatu, mwili unaotumika hupeleka damu na protini za kukuza neva kwenye ubongo. Nne, na hii hupuuzwa, ugonjwa mmoja huharibu vyote viwili: presha, kisukari na sigara hutoboa na kuziba mishipa midogo ya ubongo inayoongoza miguu na kumbukumbu kwa pamoja.

Ukiuliza ipi ina uzito zaidi kwa mtu ambaye tayari ana miaka 50, jibu ni ya nne. Utoto umekwisha pita. Mishipa ya damu bado unayo mkononi.

8. Hao ni Wazungu. Sisi wa Newala au Kilwa inatuhusu?

Kanuni ya mwili inatuhusu. Viwango vya alama havituhusu moja kwa moja. Tanzania ina kazi kubwa iliyofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta takriban 6.4% wana ugonjwa wa kupoteza akili wa uzeeni. Huko ndiko pia vilikotumika vipimo vifupi visivyohitaji kusoma wala kuandika, kikiwemo cha kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hicho kinamfaa bibi wa Tandahimba kuliko kuchora saa ya mishale.

## Kujipima nyumbani

9. Nawezaje kujipima bila vifaa?

Unahitaji kiti imara kisicho na magurudumu chenye kimo cha sentimita 43 hadi 45, ukuta, kamba ya mita 10 na simu yenye saa ya kupimia muda. Awepo mtu wa pili: anahesabu, na anakudaka.

*Kuinuka kitini mara tano.* Egemeza kiti ukutani. Kunja mikono kifuani. Inuka mpaka magoti yanyooke kabisa, kaa, rudia mara tano kwa kasi unayoiweza. Wengi wenye afya wa umri huu humaliza ndani ya sekunde 11 au 12. Zaidi ya 15 ni kiwango ambacho wataalamu hukihesabu kuwa dalili ya udhaifu wa misuli. Kosa la kawaida ni kukaa nusu. Makalio yasipogusa kiti, hiyo haihesabiwi.

*Kusimama kwa mguu mmoja.* Peku, karibu na ukuta bila kuugusa, mguu mwingine umeinuliwa nyuma, mikono imening'inia. Macho wazi lenga sekunde 30. Utafiti wa Brazil wa watu wa miaka 51 hadi 75 uliona walioshindwa kufika sekunde 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki miaka iliyofuata. Macho yakifumbwa, mtu wa miaka 50 kufika sekunde 8 si aibu.

*Kutembea mita 10.* Anza kutembea mita 2 kabla ya alama na upitilize mita 2 mbele, ili kuanza na kusimama kusiingie kwenye hesabu. Tembea mwendo wako wa kwenda sokoni. Sekunde 7 hadi 9 ni kawaida. Zaidi ya 10 anza kujiuliza. Sakafu iwe ngumu. Mchanga wa ufukweni Shangani utakudanganya.

*Mshiko.* Kifaa chake, dainamomita, hupatikana baadhi ya vituo vya fiziotherapia. Mpaka wa udhaifu unaotumika Ulaya ni chini ya kilo 27 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke. Nyumbani, beba ndoo ya lita 10 kwa mkono mmoja mita 20. Ikiwa vidole vinafunguka vyenyewe kabla hujafika, mshiko umelegea.

10. Kipimo cha kutembea huku unahesabu ni kipi?

Hiki ndicho tunachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa kinapima akili na miguu vikigombania nafasi. Rudia mita 10 za swali la 9, safari hii ukitaja majina ya wanyama au ukihesabu kurudi nyuma kwa tatu kutoka 100: 97, 94, 91. Kila mtu hupungua kasi kidogo. Ukipungua zaidi ya 20% (kwa mfano kutoka sekunde 8 hadi 10 na nusu), au ukisimama kabisa ili ujibu, andika tarehe na urudie wiki ya pili. Asiyeenda shule atumie majina ya samaki au ya mitaa badala ya hesabu.

11. Na akili nipime vipi? Kuna majaribio kwenye simu.

Majaribio mengi ya simuni yanapima uzoefu wako wa kucheza majaribio ya simuni. Njia rahisi: taja wanyama wengi uwezavyo ndani ya sekunde 60, mwenzako ahesabu. Kisha asome maneno 10 ya kawaida (mnazi, kanga, ndoo, bahari...), uyarudie, mzungumze mambo mengine dakika 10, halafu uyataje tena. Idadi ya leo haina maana kubwa. Maana iko kwenye tofauti yake na ya miezi sita ijayo, maneno yakiwa mapya.

12. Nimepata vibaya. Nianze kuogopa?

Rudia kwanza, baada ya kukagua yanayoharibu kipimo: malaria ndani ya wiki mbili zilizopita, usiku wa kutolala kwa ajili ya msiba, njaa, kandambili, miwani uliyoacha nyumbani, kiti kifupi. Upungufu wa damu huwapunguza miguu na umakini wanawake wengi wanaopata hedhi nzito, na hupimwa kwa tone la damu.

Tokeo likibaki baya mara tatu kwa wiki tatu, tazama swali la 24.

13. Nijipime mara ngapi?

Kila miezi sita, saa ile ile, kiti kile kile. Kwa mkulima wa korosho, Februari na Agosti zinafaa. Novemba usijipime, utakuwa unapima uchovu wa msimu.

## Kuboresha

14. Nalima, nabeba, natembea. Mazoezi ya nini tena?

Swali zuri, na jibu linategemea kazi yako ni ipi hasa. Anayepalilia kwa jembe na kupanda na kushuka mteremko wa uwanda wa Makonde akiwa na ndoo ana moyo na mapafu ya kutosha. Anachokosa mara nyingi ni mizani, mwendo wa kasi na mapumziko, kwa sababu kazi nzito ya saa nyingi huchosha zaidi kuliko inavyojenga. Mwili hujengwa na mzigo unaoongezeka kidogo kidogo ukifuatiwa na siku ya kupumzika, na shamba halina ratiba hiyo.

Mbangua korosho hukaa saa nane akitumia vidole. Mshiko wake mzuri, miguu yake haifanyi kitu. Dereva wa bodaboda, mwenye duka, mwalimu na karani wa ghala wako hivyo hivyo, bila hata mshiko.

Kuna mazoezi yaliyofichika kwenye maisha yetu ambayo watu huyaacha wakidhani wanapata maendeleo. Kukaa mkekani na kuinuka, kuchuchumaa chooni, kufua umeinama. Mwenye kuswali rakaa 17 za faradhi kwa siku huenda chini na kuinuka mara nyingi kuliko mazoezi ya gym. Ukihamia kwenye kiti msikitini kwa uvivu tu wala si kwa ugonjwa, umejipunguzia.

15. Nipeni ratiba ya kuanzia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Fanya kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Joto na unyevu wa pwani hupandisha mapigo ya moyo bila faida.

Wiki ya 1 hadi 4: tembea dakika 30 siku tano. Siku mbili ongeza kuinuka kitini mara 8 kwa seti 2, kusukuma ukuta mara 10 kwa seti 2, na kusimama mguu mmoja sekunde 20 kila upande wakati wa kupiga mswaki.

Wiki ya 5 hadi 8: seti ziwe 3. Inuka kitini umeshika dumu la lita 5 kifuani. Beba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, mita 20 mara nne. Panda na kushuka kizingiti au ngazi moja mara 10 kila mguu.

Wiki ya 9 hadi 12: dumu la kifuani liwe la lita 10, na yale ya mikononi pia yawe ya lita 10 kila moja. Kwenye matembezi weka vipande sita vya dakika moja ya haraka sana, dakika mbili za taratibu kati yake. Mizani ifanye ukizungusha kichwa kulia na kushoto.

Wanaoshindwa hushindwa kwa njia tatu. Huanza na dumu la lita 20 siku ya kwanza kwa sababu "nimezoea kubeba", kiuno kikakamatwa. Hubaki na uzito ule ule miezi sita, mwili ukazoea. Au huacha kabisa Oktoba korosho zikianza kudondoka. Msimu huo punguza uwe na siku moja ya nguvu kwa wiki, inatosha kulinda ulichojenga.

16. Mazoezi gani yanagusa akili zaidi?

Yale yanayokulazimisha kuamua huku unatembea. Ngoma ni bora hapa: sindimba inataka usikilize mpigo, ukumbuke hatua, umtazame mwenzako na utumie nyonga na magoti, vyote kwa wakati mmoja. Mpira wa miguu wa wakongwe unafaa kwa mwenye magoti mazima. Kutembea kwenye miamba maji yakitoka, kama wafanyavyo kina mama wanaochokoa pweza, ni mafunzo ya mizani yasiyo na mfano, mradi kuna viatu vya mpira.

17. Bao na mafumbo ya simu je?

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri hufuata mizunguko kadhaa kichwani kabla hajagusa kete. Ni kazi halisi ya akili, na inakuweka na watu, jambo lenye faida yake. Ila ustadi wa bao hukaa kwenye bao zaidi. Haukuongezei nguvu za miguu, na kukaa barazani kuanzia adhuhuri hadi magharibi hukupunguzia. Kila mchezo ukiisha, inuka na ukae mara 10.

Mafumbo ya simu yako chini ya bao, kwa maoni yetu.

18. Kwa hiyo mazoezi yanaongeza akili kweli?

Ahadi iwe ndogo. Jaribio moja la Marekani la watu wazima 120 lilikuta waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja waliongezeka takriban 2% ukubwa wa sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Lakini jaribio kubwa zaidi, la watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, liliendesha mazoezi miaka miwili na akili zao hazikuwa bora kuliko za waliopewa elimu ya afya tu.

Finland ilichanganya chakula, mazoezi, kufundisha akili na kudhibiti presha na sukari kwa watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77. Huo mchanganyiko ulisaidia akili kwa kiasi baada ya miaka miwili. Somo tunalochukua: anza kabla ya 70, na usitegemee mazoezi peke yake. Kwa nguvu, mizani na kutoanguka, faida ya mazoezi haina ubishi.

19. Kama ningefanya jambo moja tu?

Pima presha. Jaribio la SPRINT la Marekani, lenye watu 9,361 wa miaka 50 na zaidi, lilikuta waliolengwa kushushwa chini ya 120 kwenye namba ya juu walipata upungufu wa awali wa akili kwa takriban 19% pungufu kuliko waliolengwa chini ya 140. Lengo lako atalipanga daktari, kwani jaribio halikuwachukua wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi.

Kaa dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa nusu saa. Ikifika 140/90 siku tofauti, hiyo ni presha. Tatizo tunaloliona zaidi ni mtu kuacha vidonge akijisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na ng'onda hubeba sehemu kubwa ya hiyo. Iloweke, mwaga maji ya kwanza.

20. Chakula gani kinajenga vyote viwili?

Ugali wa muhogo una nguvu ya kuchoma lakini protini kidogo mno. Muhogo mbichi hauna hata gramu 2 kwa gramu 100. Mwenye kilo 65 anahitaji gramu 65 hadi 78 za protini kwa siku akiwa anajenga misuli. Kikombe cha mbaazi kavu (gramu 200) hutoa zaidi ya 40, konzi ya korosho (gramu 30) hutoa kama 5, yai 6. Dagaa wakavu nao ni chanzo kizuri. Gawa kwenye milo mitatu badala ya kuweka samaki wote usiku.

Muhogo mchungu una neno lake. Usipoandaliwa vizuri hubaki na sumu ya sayanaidi, na pakiwa na protini haba huleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Uliripotiwa kusini mwa Tanzania, Mtwara ikiwemo, miaka ya mwanzo ya 2000. Na huko Kongo watoto wenye konzo wameonekana kuathirika akili pia. Njia ya kupunguza sumu: changanya unga na maji uwe mzito, tandaza kwenye mkeka unene usiozidi sentimita 1, uache juani kwa muda wa saa 2 au kivulini kwa muda wa saa 5, upike siku hiyo hiyo. Usifanyie ndani ya chumba kilichofungwa, gesi inayotoka ni sumu.

## Hali maalumu

21. Nafunga Ramadhani. Niache mazoezi?

Punguza, usiache. Nguvu fanya saa moja au mbili baada ya futari, matembezi baada ya tarawehe au kabla ya daku. Kunywa maji kidogo kidogo kati ya futari na daku. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kushuka kwa sukari hufanana na kuchanganyikiwa.

22. Uraka na gongo vinahusika?

Vinahusika sana. Pombe nyingi huua neva za nyayo na ubongo mdogo, hivyo mizani ndiyo ya kwanza kwenda. Mtu hutembea ametanua miguu hata asubuhi akiwa hajanywa. Msimu wa mabibo ukimkuta mtu anakunywa uraka badala ya kula, hukosa vitamini B1 na kumbukumbu hufuata. Gongo lina hatari ya ziada: hujui kilichomo.

23. Napuliza dawa kwenye mikorosho kila mwaka.

Salfa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) huwasha macho na kifua. Zinazogusa neva moja kwa moja ni baadhi ya dawa za wadudu, hasa za kundi la oganofosfeti: jasho, mate mengi, macho kufifia, misuli kutetemeka siku ya kazi. Ukipata dalili hizo, acha kazi, vua nguo, oga kwa sabuni, nenda kituo cha afya na kibandiko cha chupa. Puliza upepo ukiwa mgongoni, mikono mirefu, glavu na barakoa. Kipande cha kanga usoni hakichuji kitu. Aliyepuliza mchana asijipime kipimo cha swali la 10 jioni.

24. Lini niende hospitali, na niende wapi?

Siku hiyo hiyo, bila kusubiri kupambazuke: uso umepinda upande, mkono au mguu mmoja umelegea ghafla, maneno yanakwama. Hicho ni kiharusi. Usimpe chakula wala maji, koo linaweza kuwa limelegea. Andika saa dalili zilipoanza, daktari atauliza.

Ndani ya wiki: kuanguka mara mbili mwaka mmoja, ganzi ya nyayo inayopanda, kupotea njia unayoijua, familia kukuona umebadilika tabia, au vipimo vibaya mara tatu (swali la 12). Anzia zahanati na uombe presha, sukari, wingi wa damu na, ukikubali, VVU, kwani vyote vinne hugusa akili na miguu na vyote vina tiba. Taja kila dawa unayotumia, za kienyeji na za usingizi zikiwemo. Likihitaji zaidi utaandikiwa rufaa kwenda Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Walio karibu na Masasi hutumia Ndanda, na wa Lindi vijijini Nyangao. Nenda na karatasi ya vipimo vyako yenye tarehe.

25. Mke wangu ana miaka 50, hedhi inakatika, anasema kichwa kina ukungu.

Kusahau maneno na kukosa usingizi kipindi hicho ni jambo la kawaida, na kwa wengi hutulia. Mazoezi ya nguvu ni muhimu zaidi kwake sasa, maana mifupa nayo hupungua haraka. Kama joto la usiku linamwamsha, lishughulikiwe hilo kwanza. Usingizi ukirudi, kumbukumbu nyingi hurudi nao.

26. Goti linauma, nitainukaje kitini?

Weka mto kwenye kiti ili kimo kiongezeke sentimita 10, inuka kwa kusaidiwa na mikono, shuka polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Maumivu yasiyozidi nusu ya uvumilivu wako na yanayoisha kesho yake yanakubalika. Goti lililovimba na kuwa la moto halifanyi mazoezi, linakwenda kupimwa.

27. Nina miaka 59. Nimechelewa?

Misuli ya miguu huitikia mazoezi ya nguvu hata kwa watu wa miaka 90, na mabadiliko ya kipimo cha kiti huonekana ndani ya wiki 8 hadi 12. Anzia nusu ya ratiba ya swali la 15, pima presha wiki ya kwanza, na mwambie atakayekuhesabia muda awe yule yule kila mara.